Nywele za Nyanya

Nimefinyanga kichwa cha marehemu nyanya yangu mara tatu. Viwili vya kwanza vilipasuka, na majirani hapa Ziwani wakanishauri nirudi kuuza viatu. Mimi ni mkaidi. Cha tatu nilikitengenezea nywele za maharagwe, madondo kama tunavyoyaita hapa, nikiyabandika moja moja kwenye udongo mbichi. Kisha nikakifunika kwa gunia lililolowa maji ili kisipasuke, nikangoja maonyesho ya Jumamosi.

Siku yenyewe nikalivuta gunia mbele ya ukumbi mzima. Nyanya alikuwa ameota nywele za kijani, ndefu kama kidole.

Mgeni wa heshima, mama mmoja mchoraji, alimzunguka mara mbili. "Kijana, hii umeifanyaje?"

"Nilipanga, mama," nikasema bila haya. "Waliokufa bado wanakua ndani yetu."

Ukumbi ukasimama kunipigia makofi. Nikapewa nafasi ya kwanza na kikombe. Nilikuwa bado nimeinua kikombe wakati mke wangu, Wambui, aliposimama kule nyuma.

"Baba Kevo, si hizo ni zile madondo nililoweka za kupika githeri, ukaniambia zimeoza ukamwaga?"