Damu ya Sefu

Binti yake Hadidja alipoanza tena kulia kwa maumivu ya magoti, Zaina alijua kinachofuata. Wanawe wawili wa kwanza walilia hivyohivyo, wakanyauka, wakazikwa. Mara zote mbili ukoo wa Amuri, mumewe, ulimkodolea macho yeye. Safari hii mama mkwe alisema wazi: "Huyu akikufa, unarudi kwenu. Tumechoka na tumbo lako."

Zaina akambeba mtoto mgongoni mpaka hospitali. Benoît, muuguzi wa maabara, akamtoboa Hadidja kidole, kisha Zaina.

"Nataka na damu ya baba," akasema. "Ugonjwa huu ni wa kurithi. Mutoto haupati mpaka wazazi wote wawili wamupe, hata kama wenyewe hawaumwi."

Amuri hakutaka kusikia. Fundi cherehani anayeshonea nusu ya mtaa kanzu za Idi, leo aambiwe ana damu mbovu! Mama yake akapata njia: aende Sefu, mdogo wake, ajitaje kuwa Amuri.

"Baba moja, tumbo moja, damu moja," akasema. "Iko tofauti gani?"

Wala hakudhani anadanganya. Zaina akaamriwa kufunga mdomo, akaufunga. Tone la Sefu likafungiwa kati ya vioo viwili, likaachwa lilale.

Kesho yake Benoît aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akamtazama Zaina kwa pembe ya jicho.

"Mama, damu yako imepinda kama mundu. Ya mutoto vilevile. Ya baba iko muzuri tu." Akashusha sauti. "Donc, basi, mutoto huyu baba yake si yule."

Mama mkwe, aliyekaa karibu nao, hakuwa kiziwi. "Nilisema!" akapiga makofi. "Malaya weye! Wawili uliwakula, wa tatu ukamuokota njiani?"

Zaina akamgeukia Benoît. Akashika ukingo wa meza.

"Munganga, uliyemuchoma jana si Amuri. Ni mudogo wake."

"Mulinichezea?" Benoît akamgeukia mama mkwe. "Mama, ndugu hawana damu moja! Mutoto anachukua nusu kwa baba, nusu kwa mama. Huyu anaangukia hii, yule anaangukia ingine. Sefu aliponyoka. Muniletee mwenyewe."

Amuri akaletwa amenuna, akatobolewa. Kungoja tena.  Zaina hakuwahi kumjua mwanamume mwingine, lakini kile kioo hakimjui yeye. Miaka yote watu walimwita mwongo na mchawi. Kioo nacho kikisema hivyo, atamwambia nani? Hadidja atabaki na nani?

Asubuhi Benoît akaipisha hadubini. "Papa, angalia mwenyewe."

Amuri akainama, akafumba jicho moja kama anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha akaonyeshwa damu ya mkewe. Zilikuwa sawasawa: chembe nyembamba, zimepinda. Alibaki ameinama, hata Benoît akamgusa bega.

"Mutoto atapona?" Zaina akauliza.

"Kupona, hapana, mama. Maji mengi, baridi isimupate, na homa ikianza muje mbio."

Mama mkwe alikwisha kutoka nje. Hakuna aliyemwomba Zaina radhi, si kwa Hadidja, si kwa wale wawili walio udongoni.

"Twende nyumbani," Amuri akasema, uso ukielekea mlangoni.

Zaina akafungua mbeleko, akamshusha Hadidja kutoka mgongoni.

"Mubebe weye leo," akasema. "Nusu ni yako."