Mke Mwenza wa Kwenye Kioo

Mume wangu ni dereva wa fuso, anapeleka mahindi Kasesya, mpakani. Tajiri wake alipofunga kwenye kioo cha mbele kamera yenye akili mnemba, inayotazama barabara na kusema ikiona hatari, nilisikia sauti yenyewe ni ya kike, tena laini. Nikasema haya, nimeletewa mke mwenza, na wala sikuombwa ruhusa.

Lakini nilimtaka. Kaka yangu alifia barabara ileile: ukungu wa asubuhi, lori bovu limesimama njiani, hakuliona. Tangu hapo mume wangu akiwa safarini chakula hakishuki.

Mke mwenza alijua ng'ombe, alijua baiskeli. Majani hakuyajua. Kwetu gari likizima, dereva anavunja matawi mabichi, anayapanga barabarani mbali kidogo nyuma ya gari, na kila mtu anaelewa kuna chombo kimekwama mbele. Yeye akiyaona, kimya. Kwake takataka. Nilikasirika, nikampigia simu fundi anayezitengeneza kamera hizo: "Mwanangu, chombo chako kimesoma sana ila hakijakaa na watu." Akacheka, akaniomba picha za majani.

Nikawasumbua madereva wote wa Sumbawanga wanipigie picha. Matawi ya mkaratusi, ya msonobari, hata mabua ya mahindi, picha zote nikamtumia fundi na maelezo: haya yamepangwa, ni onyo, haya yamemwagika tu, ni mzigo wa mtu. Mume wangu akanitania kwamba namfundisha mwenzangu umbea. Siku kamera ilipotamka "majani" kwa mara ya kwanza kwenye majaribio, nilipiga vigelegele hadi wauza mkaa wakaja kuuliza nani kajifungua. Mume wangu akasema, "Akinidanganya, namng'oa."

Masika yaliyofuata nilisafiri naye. Tukiwa tunarudi asubuhi, tumeshaipita Matai, ukungu ukatufunika.

"Majani barabarani. Punguza mwendo."

"Siyaoni," mume wangu akasema.

"Mimi pia siyaoni," nikamwambia. "Kanyaga breki, baba."

Akakanyaga. Tukatambaa, matawi yakavunjikavunjika chini ya matairi, na mbele kidogo tu ukungu ukatufunulia sehemu ya nyuma ya lori, halina taa hata moja. Chini yake miguu ya mtu ilikuwa imechomoza. Tukasimama karibu nayo mno.

Mwenye miguu akatoka, kapakaa grisi mpaka usoni, rika la kaka yangu kabisa. "Afadhali mmeyaona majani," akasema.

Mume wangu alimpungia mkono. Alishuka, akaenda kuvunja matawi mengine ayapange nyuma ya gari letu. Mimi nilibaki juu, nacheka huku machozi yananitoka. Nikaipapasa ile kamera.

"Ahsante, mwenzangu," nikamwambia. "Huyu bwana ni wetu sote."