Pikapu Isiyo na Vitasa

Aibu hii kila nikitaka kuisimulia najikuta naanza kujitetea, kwa hiyo leo utetezi nauweka pembeni: nilijifungia ndani ya gari langu mwenyewe, nimevaa kapelo na miwani ya jua, mbele ya geti la watu ambao binti yao nilitaka kumwoa, na wazee wawili wenye heshima zao nikawafungia humo humo. (Shule yangu iliishia darasa la saba, nikipindisha sentensi mnivumilie, ila mambo yenyewe sitayapindisha.)

Wakati ule nilikuwa nauza mapazia mtaa wa Hillbrow, huku kusini mwa Afrika, na nilihitaji pikapu ya kubebea mzigo, basi. Nikaenda Jeppestown kwa fundi Mkongo wa Lubumbashi, Papa Ilunga, ambaye kila mtu anamsifu kwa uaminifu, na pikapu niliyoifuata ilikuwepo, nyeupe, ya kawaida, ina mkwaruzo mmoja ubavuni. Ningeichukua ile nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikauliza, "Na hiyo chini ya turubai?" na Papa Ilunga akatabasamu kama mzazi aliyeulizwa kuhusu mtoto wake anayefanya vizuri shuleni.

Ilikuwa pikapu ya Kimarekani, ya zamani kuliko mama yangu, mashavu yamevimba, taa za mbele mviringo kama macho ya mtu aliyeshtuliwa usingizini. Aliikuta imeoza shambani, akaifufua: rangi ya machungwa, kiti kirefu cha ngozi nyeupe, injini nyingine kabisa, na kwenye miguu ametoa springi akaweka mifuko ya upepo, ukibonyeza kitufe inashuka mpaka tumbo linakaribia kugusa lami, ukibonyeza kingine inanyanyuka. Na milango haina vitasa. Nje hakuna, ndani hakuna. Alivikata, akaziba, akapiga rangi, mlango ukawa laini kama yai, unafunguka kwa kitufe tu. Vioo navyo kwa kitufe. Hata boneti kwa kitufe.

"Yaya," akaniambia (kwao ni kaka, si mlezi wa watoto), "hii gari inakupigia magoti, unaona? Miye nilitumika hii kazi na roho yangu yote. Lakini batri, yaya! Ukizima moteri, usibonyeze-bonyeze."

Kwa haki niseme, aliniambia. Mimi nilisikia habari ya magoti, ya betri ikapita juu ya kichwa.

Sasa kuna Rehema, wa Turffontein, anayeshona nguo za watoto, na kuna baba yake, Mzee Kombo, mtu wa Tanga kama mimi, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amemkataa mposaji mmoja kwa neno moja: mbwembwe. Nililijua hilo. Rehema mwenyewe aliniambia, "Baba hapendi mtu wa kujionyesha, njoo kimyakimya." Nami nikajibu sawa, halafu nikanunua gari la rangi ya machungwa. Sijui niseme nini. Mimi ni mfupi, nikiongea mbele za watu sauti inakimbia, na nilidhani nikiwa na kitu kikubwa chini yangu watu wataanza kukiangalia hicho.

Utaratibu wetu mnaujua: mposaji haendi kwenye posa. Anakaa kwake anatokwa jasho, wazee ndio wanaokwenda kusema. Mshenga wangu alikuwa Mzee Athumani, mtu wa maneno matamu na kanzu iliyopigwa pasi mpaka inakwaruza, na wa pili Mzee Bakari, mnene, mpole, ambaye kazi yake kwenye posa zote ni kutikisa kichwa kukubaliana na Mzee Athumani. Ningewaitia teksi wangefika salama. Lakini nilitaka wateremke kutoka kwenye ile pikapu, na usukani wake uko kushoto, kinyume na magari ya huku, hakuna aliyethubutu kuushika isipokuwa mimi. Basi nikaamua (huu ndio uamuzi wenyewe) nitakuwa dereva wa msafara wangu mwenyewe. Nitavaa kapelo na miwani, nitawashusha, nitaenda kuegesha kona ya mbali.

"Wakikuona?" Mzee Athumani aliuliza.

"Nani anamwangalia dereva, mzee wangu?"

Jumapili ile, jua la Desemba, tukatoka. Kila robot (huku ndivyo zinavyoitwa taa za barabarani) tuliyosimama watu walishangilia, nami nikawapigia magoti, chini juu, chini juu. Mzee Bakari, aliyebanwa katikati, akawa anasema "Subhanallah" kila tukishuka na "Alhamdulillahi" kila tukipanda. Nikaona fahari. Ni kweli niliona fahari, siwezi kulificha.

Tulipofika getini nikazima injini, kwa sababu ilikuwa na mngurumo wa kuamsha mtaa, na kwa heshima ya wakwe nikabonyeza, pikapu ikapiga magoti. Ikaonekana haikupendeza vya kutosha. Nikainyanyua, nikaipigisha tena. Nikainyanyua. Nikaipigisha tena. Ya mwisho ilishuka na mlio kama mtu anayekata tamaa, taa ndogo za kwenye dashibodi zikafifia, zikazimika. Nikabonyeza kitufe cha mlango. Kimya. Nikabonyeza vya vioo, vilivyokuwa wazi upana wa vidole viwili tu. Kimya.

"Tushuke basi," akasema Mzee Athumani.

"Tunashuka," nikasema. Nikaendelea kubonyeza huku natabasamu.

Wenye desturi hii wanajua kwamba geti linalindwa na shangazi wa binti, anadai pesa ya kifungua mlango ndipo wageni waingie. Bi Zuhura, shangazi yake Rehema, alikuwa tayari keshasimama hapo na kanga kiunoni na wanawake nyuma yake, mdomo umejaa maneno aliyoyaandaa. Akangoja. Hatushuki. Akatuangalia, tukamwangalia. Akajongea kwenye kioo.

"Enhe! Mbona hamshuki? Au mnataka sisi ndio tuwalipe nyinyi?"

Nikamnong'oneza Mzee Athumani, "Mwambie mlango umegoma."

Akanigeukia kwa ukali. "Mimi nifungue posa kwa neno *tumekwama*? Katika maisha yangu ya ushenga? Neno la kwanza la mshenga ni salamu na nasaba, na linasemwa ndani, juu ya mkeka."

Basi akanyamaza kwa heshima. Mzee Bakari akatikisa kichwa kukubali. Na Bi Zuhura (simlaumu, hata mimi ningefikiri hivyo) akaelewa kwamba tumekuja na ujeuri mpya, kwamba wa upande wa mume ndio wanaotaka kubembelezwa. Badala ya kukasirika, akanogewa. Akarudi kwa wenzake, wakateta, vikapigwa vigelegele, halua ikaletwa kwenye sinia na kutembezwa mbele ya kioo.

"Shukeni, waheshimiwa, halua hii!"

Hatukushuka. Wakatandika kanga kutoka getini mpaka mlangoni mwa gari, mpya, nyingine zina karatasi za dukani. Hatukushuka. Majirani wakatoka, Wazulu, Wakongo, wenye spaza, kile kiduka cha mkabala, wakahamisha viti vyao nje. Ndani jua limeingia, udi wa Mzee Athumani umechanganyika na jasho, mimi nampepea kwa kapelo, maana yake kapelo imeshavuka kichwani.

"Kanga tumetandika!" Bi Zuhura akapandisha sauti, na sasa mchezo ulikuwa unamtoka. "Mnataka tuwabebe mgongoni? Nyinyi nani hasa?"

Akainama kuchungulia, pua ikagusa kioo. Akamtazama Mzee Athumani, akamtazama Mzee Bakari, akanifikia mimi.

"Ha! Huyu si yule wa mapazia? Huyu si mwenyewe? Jamani, njooni! Mwoaji kajileta posa!"

Hapo ndipo Mzee Kombo alipotoka ndani, akiwa ametoka kuswali, tasbihi mkononi. Watu wakampisha. Akaitazama pikapu kuanzia taa mpaka mkia, akaziangalia kanga chini, akaja upande wangu.

"Kijana. Nini hii?"

Sauti ikakimbia kama kawaida, nikaivuta. Nikaongea kupitia ule upenyo, mdomo nimeupandisha juu kama samaki. "Shikamoo, baba. Tumekwama. Betri imekufa na milango haina vitasa. Wazee hawa hawana kosa, Mzee Athumani alikuwa analinda heshima ya posa. Bi Zuhura hana kosa, angejuaje. Fundi alinionya. Na gari lenyewe limefanya nililoliambia. Ni mimi."

Mzee Athumani akafumba macho, maana posa yake ilikuwa imeshaharibika. Halafu, na namheshimu mpaka leo kwa hili, akajisogeza kwenye kioo cha upande wake, akakohoa, akaanza: salamu, nasaba yangu, nasaba yao, ombi, yote, kwa ile sauti ya kwenye mkeka, ikitokea kwenye nafasi ya vidole viwili. Mwenye spaza akavua kofia.

Alipomaliza, Mzee Kombo akasema tu, "Tumesikia. Kwanza watolewe."

Papa Ilunga alikuwa kanisani, simu imezimwa, ikabidi jirani amfuate, akaja na suti nyeupe ya kwaya, na kwaya yenyewe nyuma yake kwenye teksi (za huku ni vibasi), kwa sababu teksi ilikuwa yao wote. Akajaribu boneti, haikufunguka. Akashika kichwa. "Eish! Miye nilisahau kuacha njia, yaya. Hilo ni langu." (Nikamwambia tugawane kosa, akakubali.) Akapanda nyuma, akakata mpira wa kioo cha nyuma, kioo kikatoka kizima, na sisi tukaanza kuzaliwa mmoja mmoja kuelekea kwenye bodi ya pikapu: Mzee Athumani kwanza, kanzu ikanasa, kwaya ikamvuta huku ikiimba wimbo wa Bwana, wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Bakari alichukua muda. Mimi wa mwisho, na nilipoinua kichwa nikamwona Rehema dirishani, ameziba mdomo kwa mikono yote miwili, mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka. Usiku kucha sikujua.

Pikapu nilimrudishia Papa Ilunga, nikachukua ile nyeupe yenye mkwaruzo. Jibu la posa lilikawia, nami nikawa nauza mapazia bila kujua nimepima nini. Lilipokuja, lilikuwa ndiyo. Mzee Athumani alimuuliza Mzee Kombo imekuwaje, akajibiwa hivi: "Nilishaazimia kumkataa nilipoiona ile rangi. Lakini mtu aliyebanwa kwenye joto lile, watu wanamcheka, na akamtetea kila mmoja asimkasirikie yeyote, huyo binti yangu anaweza kuishi naye."

Nimekaa na maneno hayo miaka sasa, na Rehema ananiambia niyaache yalivyo. Lakini haki ni haki. Hasira nilikuwa nayo, tena nyingi, kwa Mzee Athumani hasa na ile salamu yake ya mkekani. Ila nilibanwa mno kati ya usukani na Mzee Bakari, sikuwa na nafasi ya kuionyesha. Mkwe wangu sijamwambia. Nilichojiapia ni kimoja: chombo chochote nikiuziwa, kabla sijauliza kinavyokwenda, naomba kwanza nionyeshwe ninavyotoka.