Mlio Uliomdanganya Mama Joto

Saa moja asubuhi, na jua bado limejificha. Mama Joto amechuchumaa mbele ya mashine ya kutotolesha mayai, sikio ameligusisha mlangoni, jicho liko kwenye kipimajoto. Nyuzi thelathini na saba na nusu. Anashusha pumzi, kisha anasikiliza tena.

"Hakuna kitu," anasema. "Wamejikausha kama watu wanaodaiwa."

Nyuma yake, juu ya kigoda, amekaa wifi yake, dada wa mumewe. Amefika tangu jana na mfuko wa nguo, kama mtu aliyekuja kuuguza mgonjwa. Hataki chai, hataki kuhamia kwenye kiti chenye mgongo. Anachokitaka kimo ndani ya mashine: mayai arobaini na moja, na leo ni siku yake ya ishirini na moja, siku ya kuanguliwa.

Mayai haya si ya biashara. Ni ya kuku wa asili ambao marehemu mama yao, mkwe wa Mama Joto, aliwafuga miaka yote, kisha akamwachia binti yake. Wiki moja baada ya mayai kuingizwa kwenye mashine, kicheche alipenya bandani kwa wifi akaua kuku wote, jogoo na mitetea. Hakubaki hata mmoja.

"Haya yasipotoka, kuku wa mama ndio wameisha," anasema wifi kwa sauti ya chini. Anasema hivyo mara ya tatu tangu tufike kuandika makala haya.

Nyumba yao iko juu ya mteremko, na nguzo za umeme ziliishia chini kule barabarani. Mama Joto alichoka kuzisubiri. Umeme wake unatoka kwenye paneli mbili za jua zilizofungwa juu ya bati, unashuka kwenye betri mbili zilizopangwa chini ya meza, halafu unapita kwenye inveta, kifaa kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama ule wa kwenye nguzo. Bila inveta, mashine ya mayai ni kabati tu.

Mwezi ukiwa mzuri hutoa vifaranga kama mia mbili. Majirani huleta mayai, wengine huja kununua vifaranga. "Ada ya watoto, sabuni, mafuta ya kupikia, yote yanatoka humu," anasema huku akipapasa mlango wa mashine. Jina la Mama Joto alipewa na wateja, kwa kuwa huwezi kuongea naye dakika mbili kabla hajageuka kuangalia kipimajoto.

Leo anageuka mara nyingi kuliko kawaida. Ni siku ya tatu ya mawingu, na paneli zinaingiza umeme wa kuhesabu kwa vidole. Kwenye kioo cha inveta, volti za betri zimekuwa zikishuka tangu alfajiri.

Mwandishi wa makala haya, kwa kutojua, anachomeka chaja ya simu kwenye soketi ya ukutani.

"Mgeni wangu, samahani. Chomoa."

"Ni simu tu, mama."

"Wote huanza hivyo hivyo. Leo simu tu, kesho mtu analeta pasi."

Chaja inachomolewa. Wifi anacheka kidogo, kicheko cha kwanza siku hiyo, kisha anarudi kuitazama mashine.

Ukali huu una chanzo chake. Mama Joto haanzi kukisimulia mpaka ahakikishe kipimajoto hakijatikisika.

Inveta yake ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, yenye rangi ya kung'aa na namba nene ya wati kwenye boksi. Aliinunua kwa sababu ya ile namba. "Nilijisemea, mashine yangu ni ndogo, nikichukua inveta kubwa nitalala usingizi. Muuza duka akaniambia, mama, hii hata ukitaka kuchomelea mageti unachomelea. Mimi na mageti wapi na wapi? Lakini nikatoa hela."

Kasoro zilianza kuonekana mapema, ila hakuzijua kuwa ni kasoro. Feni ya ndani ya mashine ilikuwa inavuma kama mtu mwenye mafua na ilipata moto kuliko kawaida. Betri ziliisha haraka hata siku za jua kali. Yeye alilaumu betri.

Halafu ikaja siku ambayo hapendi kuitaja. Mayai yalikuwa yamejaa mashine nzima, ya majirani karibu wote wa mteremko. Alasiri ya siku ya kutotoa, akiwa anafagia, alisikia *pii, pii, pii* kutoka upande wa mashine. Alitupa ufagio. Kwa mtotoleshaji, hakuna sauti tamu kama hiyo: kifaranga hulia akiwa bado ndani ya ganda, akitafuta pa kutobolea.

"Nikawaita watu. Njooni, wameanza kuongea. Wakaja, nikawapikia chai. Tumekaa hapa hapa tunasikiliza, tunacheka, huyu anasema wa kwangu ndio wenye sauti kubwa."

Sauti ile haikuwa ya vifaranga. Ilikuwa ni inveta, iliyokuwa imewekwa kwenye rafu nyuma ya mashine, ikilia kutoa taarifa kwamba betri zinakata roho. Ililia mpaka ikajizima. Wageni waliposhangaa ukimya, Mama Joto aliwatuliza kwamba vifaranga wamepumzika, kwa sababu kutoboa ganda ni kazi. Taa ya ndani ilikuwa imeungua siku nyingi, hivyo hapakuwa na mwanga wa kuzimika wala wa kusomea kipimajoto. Na mlango haukufunguliwa, maana siku ya kutotoa mlango haufunguliwi ovyo. Unyevu ukitoka, ganda linakauka na kifaranga anakwama.

"Nilipokuja kufungua, mayai yalikuwa ya baridi kama yametoka mtoni. Na watu bado wameshika vikombe vyangu." Anajifuta uso kwa kiganja. "Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana."

Kwa muda mrefu hakuna aliyeleta yai. Aliyemtoa kwenye shimo hilo ni fundi wa umeme wa jua ambaye watu humwita Fundi Mita, kwa kuwa hatoi maoni hata juu ya hali ya hewa kabla hajatoa mita yake mfukoni.

"Nilimwambia nataka inveta nyingine, kubwa zaidi. Akaniambia, usiniambie unataka inveta ya ukubwa gani. Niambie unataka kuwasha nini."

Wakajumlisha. Koili ya kupasha joto, feni, kidhibiti joto, taa moja. Jumla haikufika hata robo ya ile namba ya kwenye boksi. Fundi Mita, tuliyemkuta siku nyingine akiwa juu ya bati la mtu, anaeleza bila kushuka: "Ile namba ni kama ya mtu anayeruka mtaro. Anaruka mara moja, sawa. Mwambie aruke mchana kutwa uone. Unatafuta namba ya kutembea, ile ambayo inveta inaiweza saa zote, halafu unaacha nafasi kidogo kwa ajili ya feni inapoanza kuzunguka, maana mota yoyote inaamka na njaa."

Inveta kubwa, anasema, hula betri hata ikiwa haijawasha kitu. Na ile ya kwanza ilikuwa ya umeme wa ngazi ngazi, unaopanda na kushuka kwa kushtukiza. Taa haijali, lakini mota inateseka. Ndiyo maana feni ilivuma. Alimchagulia ndogo, ya umeme laini, inayolingana na volti za betri zake. Aliifunga kwenye chumba cha pili, mbali na mvuke wa mashine, akatumia waya nene na fupi kutoka kwenye betri. Akamkataza kuifunika kitambaa cha kufuma, hata kama wageni wanakuja.

Majirani waliiona wakacheka. Haizidi boksi la viatu.

Mama Joto alikuwa na ombi moja: fundi aikate waya ile spika inayolia. Hakutaka kuisikia tena maishani mwake. Fundi Mita alikataa katakata. "Nilimwambia, mama, siku ukiacha kuisikia ndiyo siku utakayolia wewe." Badala yake alimwongezea swichi nyekundu pembeni ya mashine, ya kuzima koili peke yake na kuiacha feni ikizunguka. Alimweleza kwamba mwenye kumaliza betri zake ni koili, kwamba kutafuta joto kwa umeme wa betri ni kuchota bahari kwa kijiko. Mama Joto aliitikia ili mradi tu. Hiyo swichi hakuwahi kuigusa.

Saa tatu na robo asubuhi, inveta inalia.

*Pii. Pii. Pii.*

Wifi anaruka kutoka kwenye kigoda, uso umechanua. "Wifi! Hao!"

Mama Joto hajasogea. "Si wao," anasema, na anakwenda chumba cha pili. Anarudi akitembea upesi. Volti zimeshuka mno. Zikishuka kidogo tena, inveta itajizima yenyewe, na haitawaka mpaka jua lirudi. Nje, mawingu yametanda kila upande.

"Weka maji jikoni," anamwambia wifi. "Mengi."

"Unataka kufanya nini?"

"Kuzima koili."

"Ukizima joto wanakufa."

"Nikiiacha, inakufa inveta, feni inasimama, kila kitu kinasimama. Weka maji, wifi."

"Hata yale ya watu uliwaambia wasiwe na wasiwasi." Wifi ameshika mlango wa mashine kama anayezuia mtu asipite. "Haya ni ya mama."

Wanatazamana. Mwandishi anatamani awe mahali pengine kabisa.

"Mama alikuwa mama yangu pia," anasema Mama Joto.

Wifi anaachia mlango. Anakwenda jikoni, na muda si muda mkaa unasikika ukipasuka.

Mama Joto anaweka kidole kwenye swichi nyekundu, anafumba macho, anaibonyeza. Taa ya koili inazimika. Mzigo ukipungua, betri zinajinyanyua kidogo, na inveta inanyamaza mara moja.

Ukimya huo ndio unaomtisha. Anabaki amesimama, mkono kifuani, akisikiliza feni. Inazunguka. Inazunguka vizuri, haivumi.

Kipimajoto kinaanza kushuka. Thelathini na saba. Thelathini na sita na nusu. Wifi anakuja mbio na sufuria, wanajaza chupa za kioo kwa maji ya moto, wanazifunga, wanazipitisha kwenye kidirisha cha chini, pale panapowekwa trei ya maji, ili mlango mkubwa usifunguliwe. Thelathini na sita. Chupa ya pili, ya tatu, ya nne. Wifi ameungua kidole, anakinyonya, anaendelea. Thelathini na tano na nusu.

"Kinashuka bado," anasema wifi.

"Nakiona."

"Wifi, kinashuka."

"Nyamaza tuweke chupa."

Thelathini na tano na nusu. Wanangoja. Feni inasukuma joto la chupa kupanda juu kupitia trei za mayai. Thelathini na tano na nusu tena. Halafu thelathini na sita. Mama Joto anakaa chini sakafuni ghafla.

Asubuhi nzima inakwenda hivyo: chupa zilizopoa zinatoka, zenye moto zinaingia. Wale mawifi wawili wamepata mwendo wao, mmoja jikoni, mmoja kwenye mashine, na utani umeanza kurudi. Wifi anasema kaka yake, dereva wa malori aliye safarini, alioa mtotoleshaji sasa amejikuta na muuza maji ya moto. Mama Joto anamjibu kwamba dada mtu huyo anakula bure tangu jana, hivyo achochee mkaa.

Katikati ya kazi anaeleza anachokipanga, na anaeleza haraka, kama mtu aliyekiona sasa hivi. Hataongeza inveta, wala betri. Atatafuta pipa la bati, alipake rangi nyeusi, aliweke juu ya paa lipigwe na jua, na bomba lipite chini ya trei za mayai. Siku za mawingu ataongezea maji ya jikoni. Koili itakuwa ya kushikiza tu. "Inveta yangu iendeshe feni basi. Hiyo inaiweza hata wiki nzima ya mvua. Nilikuwa naitwisha kazi ya jiko."

Wifi anainua kichwa. "Inalia tena."

*Pii.*

Mama Joto amesimama kabla hajamaliza kusikia. Anakwenda chumba cha pili, mkono ukitafuta ukuta. Inveta iko kwenye ubao wake, kioo kinawaka kijani, volti ziko juu kuliko asubuhi. Imenyamaza. Anaisogelea, anaiwekea sikio. Kimya.

*Pii,* inasikika kutoka nyuma yake.

Anarudi polepole, hatua ndogo ndogo, kama anayeogopa kumwaga kitu. Wifi amepiga magoti mbele ya mashine, shavu kwenye mlango, machozi yanamtiririka na hayafuti.

"Si inveta?" anauliza wifi.

Mama Joto anapiga magoti kando yake. Ndani wamekuwa wawili sasa, mmoja anaita, mwingine anajibu.

"Si inveta," anasema. "Kalete maji mengine."