Ng'ombe wa Kwenye Kona ya Kitabu

Frrrr. Ndivyo kilivyolia kile kitabu kidogo nilipoziachia kurasa zake chini ya kidole gumba, na papo hapo nikaacha kuwa mwanamke mzima mwenye koti la kuazima. Nikawa na miaka kumi, nimekaa benchi la watoto katika kanisa letu la Uvira, jasho linanitoka.

Niwaeleze kwanza kitabu hicho nilikikuta wapi. Nilikuwa nimetumwa Japani kwa majuma machache pamoja na wenzangu wa mashamba ya mpunga ya Lubarika, tukajifunze mambo ya mbegu na maji. Jumamosi moja wenyeji wetu waliona tumechoshwa na matope, wakatupeleka kwenye jumba la makumbusho la filamu zao za katuni. Wenzangu walicheka njia nzima: watu wazima na ndevu zao, kupelekwa kutazama katuni! Ndani wakanyamaza. Kulikuwa na meza za wachoraji zenye vipande vya penseli vifupi kama vile vya watoto wetu wa shule. Kulikuwa na harufu ya karatasi na gundi, na kuta zimejaa picha ya mtu mmoja yuleyule, kila mara amesogea kidogo tu. Kwenye rafu ya mwisho walikuwa wamefunga vitabu vidogo kwa kamba ili wageni wavijaribu. Unakishika, unaziachia kurasa zikimbie, na mchoro ulio pembeni unatembea. Changu kilikuwa na farasi.

Sauti ile niliijua. Ilikuwa sauti ya Babu ya kila Jumapili.

Babu yangu, baba wa mama, ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa nyimbo kanisani kwetu. Alikuwa mrefu, mkali, mwenye kikohozi kilichotangulia kila neno lake. Pasta akimaliza kuomba, Babu alisimama na kitabu chake kinene chenye jalada jeusi, akataja namba ya wimbo, akaanza mstari wa kwanza, na kanisa lote likamfuata. Namba zote alikuwa nazo kichwani. Umeme ukikatika jioni, na kwetu kukatika ndiyo ilikuwa kazi yake, mama alimjaribu kutoka jikoni: "Baba, ile ya mavuno iko namba ngapi?" Alijibiwa kabla hajafunga mdomo.

Zamani Babu alikuwa mchungaji wa ng'ombe, huko juu Rurambo. Wenye bunduki walipochukua ng'ombe wake wote, alishuka Uvira kwa mama na vitu viwili tu, fimbo na kitabu cha nyimbo. Mama alitukataza kabisa kutaja habari za ng'ombe mbele yake. Na kweli, kundi likipita barabarani, Babu aligeuza kiti akatazama upande wa ziwa mpaka kwato zisisikike tena.

Sasa, karibu na sokoni kulikuwa na nyumba ya video, yenye jenereta iliyonguruma kuliko filamu zenyewe. Huko ndiko tulikoonea katuni za Kijapani, kwa lugha ambayo hata mwenye nyumba hakuielewa. Siku moja sahani ya filamu ilikuwa na mikwaruzo, mashine ikakwama. Msichana aliyekuwa akikimbia juu ya mapaa akasimama, mguu hewani. Watoto wakapiga kelele warudishiwe haki yao. Mashine ikasogea hatua moja, mguu ukashuka kidogo, ikakwama tena, ukashuka kidogo tena. Wenzangu walizomea. Mimi nilikaa pale kinywa wazi, maana nilikuwa nimegundua siri ya Wajapani: hakuna kitu kinachotembea, ni picha nyingi zinazofuatana.

Nilirudi nyumbani mbio nikajaribu kwenye daftari la hesabu. Mtu wangu alipiga hatua tatu na daftari likaisha. Nilihitaji kitabu kinene, na nyumbani vilikuwa viwili, Biblia na kitabu cha nyimbo cha Babu. Nilipima hatari. Nikaona Biblia ni ya Mungu mwenyewe, bali nyimbo zimeandikwa na watu, na watu husamehe.

Kuchora watu kulinishinda kwa sababu ya mikono. Nikaamua kuchora mnyama asiye na mikono. Sijui ujasiri niliutoa wapi, lakini nilimwendea Babu akinywa chai mkekani.

"Babu, ng'ombe akitembea, anaanzaka na muguu gani?"

Aliniangalia mpaka nikajuta. "Juu ya nini unauliza?"

"Ni ya masomo," nikadanganya.

Akaweka kikombe chini. Akakohoa. Kisha, ndugu zangu, mzee mzima wa kanisa akapiga magoti, akakunja ngumi, akaziweka mkekani. "Angalia. Muguu wa nyuma wa kushoto ndio inatangulia. Halafu wa mbele wa kushoto. Kisha wa nyuma wa kuume, na wa mbele wa kuume. Hakuna kurukaruka. Ng'ombe iko na adabu, haiko kama mbuzi." Akatambaa hivyo, polepole, mpaka mlangoni. Mama alitokea na mwiko mkononi, akasimama, akarudi jikoni.

Tangu Jumatatu hadi Jumamosi nilichora kwa penseli, mchana, Babu akilala baada ya chakula. Ng'ombe mmoja kwenye kona ya kila ukurasa. Kwenye kona hizo ndiko zilikokuwa namba za nyimbo, na kwato za ng'ombe wangu zilikanyaga nyingi, lakini mtu akiwa katikati ya kazi kubwa haangalii mambo madogo kama hayo.

Jumapili ikafika. Pasta alisema amina, Babu akasimama, akafungua kitabu, kidole gumba kikateleza kwenye kona. Frrrr. Babu akaganda. Akarudi ukurasa wa kwanza. Frrrr. Kanisa lilitulia hadi nikasikia mtoto akinyonya. Nilimwomba Yesu arudi siku ile ile, kabla ya saa sita. Mwishowe Babu akakohoa, akaanzisha wimbo kwa sauti iliyokwamakwama.

Nyumbani hakuvua hata koti. "Mapendo. Kuya hapa."

Nilikwenda nikiitazama fimbo yake ukutani.

"Ni weye?"

"Ni minye, Babu. Unisamehe."

Alifungua kitabu akaweka kidole juu ya mchoro. "Bihogo hakukuwaka na pembe ya hivi. Ile ya kushoto iliangaliaka chini. Alivunjikaka akiwa angali mudogo."

Sikuwa nimemtaja Bihogo yeyote. Sikujua hata kwamba Babu aliwahi kuwa na ng'ombe wa jina hilo. "Nitengeneze, Babu? Kurasa zote?"

"Zote. Weye ndiye uliandika mu kitabu cha nyimbo, haiko minye."

Juma zima, kila nikitoka shuleni, nilifuta pembe na kuchora pembe. Babu alikaa ubavuni mwangu, akipokea kila ukurasa, akiuinamia, akisema "sawa" au "chini zaidi". Nilidhani ananilinda nisitoroke adhabu.

Tangu hapo Babu akaanza kuchelewa. Pasta anamaliza, Babu anasimama, frrrr, anarudi mwanzo, frrrr, na watu wanangoja. Wengine walikohoa. Mama mmoja akazoea kumtajia namba kwa sauti ya chini. Mama yangu alimnunulia miwani sokoni, akaivaa kwa heshima na akachelewa vilevile. Vijana wa korale, kwaya yetu, wakawa wanasema, "Leo Muzee ametafuta namba mpaka mbali kule Kamanyola." Nilicheka nao ili wasinijue, lakini moyoni niliungua. Mimi ndiye niliyeziharibu zile namba.

Basi wazee wenzake wakaja nyumbani, wakanywa chai, wakamwambia kwa upole kwamba sasa apumzike. Jumapili iliyofuata kijana mwenye sauti nzuri alisimama mahali pake, na Babu akaketi benchi la wazee. Walimpa kitabu kipya chenye herufi kubwa kumshukuru. Alimpa mama siku hiyo hiyo, akabaki na kile cha zamani. Mimi nikaelewa hivi: wenye bunduki walimnyang'anya ng'ombe, na mimi nikamnyang'anya kilichobaki. Sikumwambia mtu. Alipofariki, nikiwa sekondari, nililia kuliko wote pale kwenye matanga, na shangazi zangu wakanisifu kwa upendo. Hawakujua kwamba ndani ya kilio kile mlikuwa na hatia.

Hiyo hatia nilikuwa nayo hata Japani, kwenye ile rafu. Niliachia kurasa, farasi akatembea hadi ukurasa wa mwisho, akatoweka. Nikamrudisha. Akatoweka, nikamrudisha. Sijui ni mara ya ngapi niliposikia mtu akikohoa. Nikageuka. Mzee mmoja alikuwa amemshika mjukuu wake mkono, wanangoja kwa adabu, na nyuma yao msururu wa watu. Mwenzangu wa Lubarika akanisogelea: "Dada Mapendo, unatafuta nini mule?"

Nikataka kumjibu kwamba sitafuti kitu.

Babu naye hakuwa akitafuta kitu. Namba alizijua gizani! Miwani ingemsaidia nini, mtu ambaye macho yake yaliona pembe iliyokosewa kwenye mchoro mdogo kama ukucha? Alisimama mbele ya kanisa zima, pasta anangoja, korale inangoja, akamtembeza Bihogo toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na Bihogo akitoweka akamrudisha. Wazee walipokuja kunywa chai, ingetosha aseme kwamba hatachelewa tena. Hakusema. Na lile juma la pembe, hakuwa akinilinda. Alishindwa kungoja nimalize.

Nililia pale pale, bila aibu, na mwenzangu akadhani nimekumbuka nyumbani. Ni kweli pia. Nilimwona Babu kwenye benchi la wazee, wenzake wamefumba macho katika maombi, yeye amekiinamia kitabu chake, kidole gumba kinasogea kidogo kidogo. Nilikuwa nimemhurumia miaka yote hii, naye alikuwa anachunga.

Nikainama kuomba radhi kama wenyeji wanavyofanya, nikamwachia yule mzee na mjukuu wake nafasi. Farasi wao alikuwa sawa. Alianza na mguu wa nyuma wa kushoto, nilikuwa nimekwisha kuhakikisha.