Darasa la Bi Chaki Lanyamaza

Bi Chaki alianza kufundisha darasa la kwanza nywele zake zikingali nyeusi, na darasa lake lilisifika kwa kelele. "Ba, be, bi, bo, bu!" Watoto waliimba mpaka vioo vikatetemeka, na wazazi waliopita njiani walisimama kusikiliza. Naye, tuseme kweli, alivimba kichwa.

Siku moja upepo ulipeperusha bango la silabi lililoning'inia ubaoni, ukurasa ukageuka. Sasa palisomeka "ma, me, mi". Watoto wala hawakushtuka. Binti mdogo aliyeitwa Kasuku, kwa jinsi alivyoshika maneno upesi, aliendelea kugonga kila silabi kwa fimbo: "Ba, be, bi!" Wenzake wakaitikia vilevile.

Bi Chaki alilitazama bango, akawatazama watoto. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akifundisha nyimbo!

Kesho yake alipiga marufuku kuimba. Kila mtoto alipewa kipande cha chaki, wakakaa chini, wakaandika sakafuni. Sauti moja, kwanza mdomoni, kisha mkononi. Wakaunganisha sauti mbili, wakakosea, wakafuta kwa viganja, wakaanza upya. Jioni walirudi nyumbani weupe kama wapiga chokaa. Mama mmoja akaenda kumshtaki kwa mwalimu mkuu.

"Mwanangu alikuwa anasoma kitabu kizima amefumba macho! Sasa neno moja tu, asubuhi nzima anagugumiza."

Mwalimu mkuu akamwita Bi Chaki. "Wazazi wamekuja juu, Mwalimu. Mwisho wa muhula nitawapima mwenyewe. Wakishindwa, darasa nampa mwingine, wewe utatunza vitabu stoo."

"Sawa, Mkuu. Mchelea mwana kulia hulia yeye," alijibu kijasiri, ila moyoni aliwaza: Akae stoo na panya, bila watoto? Bora kustaafu.

Siku ikafika. Mwalimu mkuu hakugusa bango wala kitabu. Alichukua chaki akaandika lililomjia kichwani: *Kesho hakuna shule.*

Kimya. Midomo ikaanza kuchezacheza. Kasuku alikunja uso, kidole kikifuata herufi hewani. Bi Chaki alitamani kumsaidia, akajiuma ulimi.

"Umeona sasa?" mwalimu mkuu akanong'ona.

Ghafla Kasuku akaruka. "Kweli, Mwalimu?"

Mwingine akapiga yowe la furaha, kisha mwingine, mpaka darasa zima likalipuka. Wengine walishaanza kufunga mabegi.

"Jamani, tulieni! Nilikuwa nawapima tu. Kesho mnakuja!"

"Lakini si umeandika mwenyewe!" Kasuku alikwenda ubaoni, akagusa neno baada ya neno. "Ke-sho. Ha-ku-na. Shu-le."

Mwalimu mkuu aliutazama ubao, akacheka hadi akashikilia mlango. "Nimejifunga mwenyewe. Darasa ni lako, Mwalimu."

Bi Chaki alilia mbele ya watoto wake bila aibu, kwa furaha tupu. Kesho yake shule nzima ilisoma, isipokuwa darasa la kwanza.