Koti la Muuguzi wa Macho

Muuguzi wa macho wa zahanati yetu ya Izigo hana haraka ya kuwasha tochi. Hukivika kiti cha mlangoni koti lake la mvua na kofia, kisha hukaa pembeni akifuta vidole kwa spiriti, kimoja kimoja, huku akitazama unavyoingia. Mimi niliingia nikitamba kwamba macho yangu ni mazima, ni mke wangu tu Kemilembe mwenye wasiwasi. Nikaona mzee kwenye kiti cha mlangoni, nikainama kwa heshima ya Kihaya. "Shikamoo, waitu. Wa nyumbani hawajambo? Na migomba?" Muuguzi hakucheka. Alingoja nimalize salamu zote, kama adabu inavyotaka, ndipo akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Koti langu halijambo, baba. Wewe ndiye una mtoto wa jicho."

Walinipasua Bukoba, nikarudi kukaguliwa nikiwa naona hadi sisimizi ukutani. Safari hii nililipita lile koti kifua mbele, bila hata kulitupia jicho. Likakohoa. Ndani yake alikuwamo baba mkwe wangu, ameliazima kwa sababu ya baridi.

"Macho yamepona, baba," muuguzi akasema, akifuta kidole cha mwisho. "Kilichobaki si kazi yangu."